Nani Aliyeigusa Mwisho?

Mwezi wa tatu, masika yakiwa yamekolea na njia za ndani za Mpimbwe zimegeuka tope, nilimnyang'anya kijana mmoja sanduku lake la spana. Nalitanguliza jambo hili ili msomaji asije akadhani, huko mbele, kwamba mimi ndiye mwenye busara katika kisa hiki. Sanduku hilo lilikaa siku nne chini ya meza yangu ya kusomea mjini Mpanda, kando ya mitihani niliyokuwa bado sijaisahihisha, na kwa siku hizo nne mwenye sanduku hakuwa na njia ya kujipatia riziki.

Chanzo chake ni gari. Marehemu baba alituachia Land Cruiser ya zamani yenye injini ambayo mafundi wote huijua kwa jina lake la kiwandani, 1HZ: dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo wala kompyuta, injini ambayo imezibeba hospitali, misheni na miradi ya nchi hii kwa zaidi ya miaka 30. Wakati wa mavuno mdogo wangu huitumia gari hiyo kuleta mpunga kutoka Majimoto. Wakati wa masika kazi yake ni nyingine. Magari madogo yanaposhindwa kupita, hiyo ndiyo inayopigiwa simu usiku ili imtoe mjamzito kitongojini na kumfikisha barabara kuu. Safari hizo hatuzitozi nauli. Baba hakutoza, nasi hatukuona sababu ya kuanza.

Mwanzoni mwa mwaka gari ilianza kutoa moshi mweusi, ikawa inakula mafuta kupita kiasi na kuwaka kwa taabu kila asubuhi. Fundi mmoja kijana, mwenye gereji bubu chini ya mwembe, aliisikiliza akasema nozeli zimechoka. Niliagiza nozeli sita mpya kutoka Dar es Salaam. Zilifika kwa basi, kila moja ndani ya kikasha chake, na kijana akazifunga kwa siku moja. Jioni alipoiwasha, injini iligonga.

Dizeli hata ikiwa nzima ina kelele, lakini ni kelele yenye mpangilio, kama wanawake watatu wanaotwanga kinu kimoja bila kugonganisha michi. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa nyundo juu ya fuawe, chuma kwa chuma, ikirudi kila mzunguko na kuzidi kila kijana alipokanyaga mafuta. Aliizima upesi, akafungua boneti, akasimama akiitazama injini kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

Mpanda ni mji ambao watu wake wana sikio la dizeli. Mji wenyewe uliletewa reli kwa ajili ya madini: tawi la kilomita 210 hivi kutoka Kaliua, lililofunguliwa mwaka 1950 ili kuhamisha risasi ya mgodini. Biashara ya risasi ikaisha, reli ikabaki, na watu wakabaki na reli. Kisha kwa miaka mingi mji huu haukuunganishwa na Gridi ya Taifa, umeme wake ukazalishwa kwa majenereta ya dizeli. Tulilala na kuamka kwa ngurumo hizo. Mtoto wa Mpanda wa rika langu alijua kwa kusikia tu kwamba usiku huu mashine moja haiko sawa, na kwamba ni heri mshumaa uwekwe karibu. Kwa hiyo injini yetu ilipogonga, hakukosekana mtaalamu. Mpiga debe alisema ni konrodi. Mwenye duka la vipuri akasema ni pampu. Dereva wa bodaboda, ambaye chombo chake hakijapata kuonja dizeli, alisema kwamba mkono wa fundi una nuksi.

Ndipo mtu mmoja, sikumtazama usoni ila sauti yake ninaikumbuka, akasema: "Hawa wa Katumba hawa, mnawapa magari ya nini?"

Kwa wasomaji walio mbali na Katavi, Katumba ni makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Watu walipewa ardhi porini, wakaifyeka, wakalima, wakazaa. Baada ya miaka zaidi ya 35 serikali ya Tanzania ilikubali kuwapa uraia wakazi zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, uamuzi ambao mataifa machache sana duniani yamepata kuufanya kwa ukubwa huo, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Nimeufundisha uamuzi huo darasani kwa fahari. Nimewaambia wanafunzi kwamba huo ni urithi wa utu ambao hatuna budi kuulinda. Kijana fundi alizaliwa Katumba. Kiswahili chake ni safi kuliko cha baadhi ya wahadhiri wenzangu.

Nilipoisikia sauti ile nilipaswa kusema neno. Sikusema. Badala yake nilimwambia kijana kwamba injini iliingia kwake ikitembea na sasa inagonga, kwamba hakuna mwingine aliyeigusa, na kwamba sanduku lake litakaa kwangu mpaka atakapoitengeneza au kulipa. Hakubisha. Alilifuta vumbi kwa kitambaa kabla ya kunikabidhi, na kitendo hicho kilinikera wakati ule kuliko ambavyo matusi yangenikera.

Ninajua msomaji wa ukurasa huu anatarajia nifike kwenye siasa, na hapa sina haja ya kwenda mbali. Mwishoni mwa mwaka 2015 nchi nzima ilijifunza msemo wa kutumbua majipu. Mkuu wa idara alisimamishwa kazi mbele ya kamera, mkurugenzi akaulizwa swali hadharani na kabla hajalimaliza jibu akaambiwa aondoke. Nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Sisemi kwamba hawakuwapo waliostahili. Nasema kwamba tulizoea kuridhika na swali moja tu, nani aliyeigusa mwisho, na tukaliita swali hilo uwajibikaji. Aliyekuwa zamu siku paa lilipoanguka ndiye aliyeondoka. Aliyeidhinisha mabati membamba miaka kumi kabla alikuwa amekwishastaafu kwa heshima.

Hapa kwetu Katavi tunao mfano unaojirudia kila kiangazi. Mto Katuma, unaoingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hupungua hadi viboko wakarundikana kwa mamia katika madimbwi ya matope, wakigombea hata nafasi ya kulaza kidevu. Ukiuliza mjini sababu ni nini, utatajiwa mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake. Mfugaji anao mchango wake, hilo halikataliki. Lakini upande wa juu wa mto kuna mashamba ya mpunga ya umwagiliaji yanayokunywa maji kabla hayajaifikia hifadhi, na kuna misitu iliyokatwa, na mpunga ule sisi wa mjini ndio tunaoula. Mfugaji anatajwa kwanza kwa kuwa ndiye aliyefika mwisho.

Narudi kwenye injini, kwa kuwa yenyewe haikuwa na muda wa falsafa zangu. Siku ya pili usiku simu ilipigwa kutoka kitongoji kimoja nyuma ya Usevya. Mdogo wangu alijibu kwamba gari ni mbovu. Mama yule alibebwa kwa machela hadi alipopatikana mwenye trekta, akajifungua salama kituoni, alfajiri. Tulizipata habari hizo asubuhi, na mama yetu alipozisikia hakusema kitu, aliendelea kuchambua mchele. Kisha akaniambia niende kwa mzee fulani, rafiki wa baba, aliyestaafu baada ya kutunza majenereta maisha yake yote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ilianza kugonga mara tu ilipofungwa nozeli, au baada ya kutembea?"

"Mara tu."

"Ikiwa baridi tu, au hata ikipata moto?"

Sikujua. Hakuna aliyeiacha ipate moto.

"Mafuta yaliyomo mmejaza wapi?"

Hilo nilijua, nikamwambia. Alitaka hata hivyo yatolewe kidogo kwenye filta yawekwe ndani ya chupa nyeupe. Mzee huyu ni wa kizazi kilichoona mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli kwa sababu ya tofauti ya bei, mpaka serikali ilipoanza kuweka vinasaba kwenye mafuta na, mwaka 2011, kupandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo huo usiwe na faida. (Aliyelipia hatua hiyo ya pili, nasema kwa kupita, ni bibi wa kijijini mwenye koroboi, ambaye hakuwahi kuchakachua chochote.) Dizeli iliyoingiwa na petroli huchelewa kuwaka na huweza kuigongesha injini nzima. Yetu ilikaa katika chupa ikiwa safi, bila maji chini, na harufu yake ilikuwa ya dizeli.

"Sasa niitie fundi aliyeifunga," akasema. "Sianzi kazi kabla sijamsikiliza aliyeifungua."

Kijana alikuja kwa miguu. Mzee alimwamkua kwa upole, akamwomba spana namba 17.

"Vifaa vyangu viko kwa mwalimu," kijana akajibu.

Mzee alinitazama. Hakuuliza kwa nini. Alimtuma mjukuu wake ndani alete spana zake mwenyewe, na hapo nilitamani sana kuwa mahali pengine.

Nitaeleza alichokifanya, kwa kuwa nimeshiriki katika kamati mbili za uchunguzi chuoni na sijaona utaratibu mzuri kama ule. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Rudolf Diesel, aliyefanikiwa kuionyesha injini yake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, aliitegemea hewa peke yake: ikibanwa sana hupata joto kali, na mafuta yakinyunyizwa ndani yake huwaka yenyewe. Kazi ya nozeli ni kunyunyiza. Ndani ya injekta kuna sindano inayokandamizwa na springi. Pampu ikileta mafuta kwa presha inayoishinda springi hiyo, sindano hunyanyuka na mafuta hutoka kama ukungu. Tangu mafuta yaingie hadi yawake kuna kitambo kifupi mno. Kitambo hicho kikirefuka, mafuta hujikusanya kisha yakawaka yote kwa mkupuo, na pistoni hupigwa kofi badala ya kusukumwa. Kofi hilo ndilo tulilokuwa tukilisikia. Hivyo mlio ule ule waweza kutokana na mafuta mabaya, hewa ndani ya mabomba, pampu iliyowahishwa, au nozeli inayofunguka mapema na kutiririsha matone. Waweza pia kuwa si mafuta kabisa, bali beringi ya konrodi iliyoisha.

Alianza na jambo jepesi. Walitoa hewa kwenye mabomba, wakaiwasha. Iligonga. Wakaiacha ipate moto. Ilipungua kidogo, haikwisha. Ndipo mzee, injini ikiwa inanguruma polepole, akamwelekeza kijana alegeze nati ya bomba la injekta ya kwanza ili mafuta yavuje nje yasiingie ndani. Injini ikayumba, mlio ukabaki. Akakaza, akalegeza ya pili, ya tatu. Alipolegeza ya nne, nyundo ilinyamaza.

(Wenye magari ya kisasa yenye kompyuta wasijaribu hili. Presha ya mafuta katika injini hizo ni mara kumi na zaidi ya hii, na mchirizi wake hupenya ngozi na nyama. Hizo nazo zina balaa lake: injekta mpya huja na namba yake ya siri, isipoingizwa kwenye kompyuta ya gari injini hupewa mafuta kwa kipimo cha injekta iliyotupwa.)

"Konrodi ya nne!" mdogo wangu akasema, na nilikuwa karibu kumuunga mkono. Maana yake ingekuwa injini imekufa, na kijana ndiye aliyeiua.

Mzee akatikisa kichwa. Alieleza kwamba beringi mbovu nayo hunyamaza ukiiondolea mzigo, kwa hiyo kipimo kile kimetuonyesha nyumba, hakijatuonyesha mwizi. Akaamuru injekta ya nne itolewe ifungwe katika silinda ya pili, na ya pili iende ya nne. Kama tatizo liko chini, kwenye konrodi, mlio utabaki ulipo. Kama uko kwenye injekta, utaifuata injekta.

Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa moja. Kijana aliifanya kwa mikono mitulivu, akisafisha kila tundu kabla ya kuweka washa mpya ya shaba, na mzee akamtazama bila kumsahihisha hata mara moja. Wakaiwasha. Nyundo ilikuwepo. Wakalegeza bomba la nne, ikaendelea. Wakalegeza la pili, ikanyamaza.

Konrodi ilikuwa nzima. Mlio umehama na injekta.

Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Kisha mzee akamgeukia kijana: "Mlipofunga nozeli mpya mliziweka kwenye injekta zile zile za zamani?" Kijana akaitikia. "Na springi zile zile?" Akaitikia. "Mkazipima presha?"

Kijana hakujibu. Alinitazama mimi, kwa nukta moja tu, kisha akainamisha macho kwenye spana.

Hapo nikakumbuka. Siku nozeli zilipofika kwa basi, kijana alizipokea, akaniambia: "Mwalimu, hizi tuzipeleke Sumbawanga kwenye mashine, zipimwe na kurekebishwa presha kabla sijazifunga. Springi za zamani hazilingani." Nilikuwa na haraka, nilikuwa na kikao, na nilikuwa nimekwishalipa fedha nyingi. Nikamjibu, nayakumbuka maneno yangu yote: "Kitu kipya kinapimwa nini? Funga." Akasema, "Sawa mwalimu, gari ni yako." Mazungumzo hayo hayakuchukua hata dakika mbili, na kwa siku nne nzima, nikiwa na sanduku lake chini ya meza, sikuyakumbuka hata kidogo. Sikudanganya. Yalikuwa yamefutika. Mtu mwenye cheo huisahau amri yake kwa wepesi wa ajabu, na aliyeitii huikumbuka neno kwa neno, lakini haulizwi.

Nilisema mbele yao wote kwamba ni mimi niliyekataa. Mzee akasema "Ehee," basi, akaendelea kufuta mikono.

Mdogo wangu na kijana walizipeleka injekta zote sita Sumbawanga kwa basi la asubuhi. Mashine ilionyesha kwamba ile iliyokuwa ya nne ilifunguka kwa presha ya chini mno na kuacha matone mdomoni, na nyingine mbili nazo hazikulingana na wenzake. Hakuna nozeli iliyokuwa mbovu. Walibadilisha springi moja, wakaongeza vishimu vyembamba juu ya nyingine mpaka zote zikafunguka pamoja. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko nauli ya nozeli zenyewe kutoka Dar es Salaam. Waliporudi na kuzifunga, injini iliwaka kwa mguso wa kwanza, na mama akatoka jikoni kuja kuisikiliza.

Sanduku nililirudisha jioni ile ile waliposafiri, sikungoja majibu ya mashine. Nililibeba mwenyewe hadi chini ya mwembe, nikamkuta mke wake, nikalikabidhi na kuomba radhi kwake kwanza, kisha kwa mumewe aliporejea. Nililipa siku nne alizokosa kazi. Alizipokea fedha, akanishukuru kwa adabu ile ile iliyonikera mwanzoni. Yule aliyesema maneno kuhusu watu wa Katumba bado sijamtambua, na ningemtambua sina hakika ningeanzia wapi, kwa kuwa yeye alisema tu na mimi nilitenda.

Kabla sijaondoka alilifungua sanduku akaanza kuzipanga spana juu ya gunia, ndogo hadi kubwa, kama wafanyavyo mafundi mwisho wa siku. Namba 10 haikuwepo. Alizihesabu tena. Nyumbani kwangu kuna mtoto wa miaka tisa mwenye baiskeli, na wazo hilo lilinijia mara moja. Nikamuuliza kama anadhani imepotelea kwangu.

"Sijui, mwalimu," akasema, akiinuka kutazama chini ya benchi lake. "Ngoja kwanza nitafute hapa kwangu."